Jezi za Sufu Siku ya Mvua

Esperansi ndiye aliyenishurutisha niandike haya. Siku niliyomkabidhi funguo za chumba cha vifaa aliniambia, "Mama Naidi, ukienda na yote mu kichwa, sisi tutabakia na mashini za kufula tu." Nikamjibu kwamba mashine za kufulia zina akili kuliko baadhi ya makocha niliowahi kufanya nao kazi, kwa hiyo hatakosa mtu wa kuongea naye. Lakini nimekaa hapa nyumbani Etobicoke, dirishani, naangalia magari ya barabara kuu yakienda ninakokujua na yakirudi, na nimechoka kupumzika. Basi naandika. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu chumba chetu cha vifaa kimekuwa cha Waswahili: Esperansi wa Uvira, Kevo wa Nairobi na mimi wa Tanga. Atakayekuja nyuma yetu kama hakijui, Kevo atamtafsiria, na Mungu amsaidie.

Sitasema nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini. Hayo yana ofisi zake, zina viyoyozi na mlango wa kioo. Mimi nitasema ya chumba chetu, kile cha chini kabisa, chenye mabomba darini na harufu ambayo wageni huikunjia pua.

Nilikuja Toronto nikiwa fundi cherehani. Kule Ngamiani, mtaani kwetu Tanga, nilishona sare za shule, magauni ya harusi na foronya, na nilidhani hakuna kitambaa duniani kitakachonishinda. Niliposikia kuna chuo kinatafuta mtu wa kushona na kufua nguo za timu ya futiboli, nikasema mpira naujua, kaka zangu wote walicheza mpira wa mtaani na mimi ndiye niliyekuwa nawatilia viraka. Siku ya kwanza nikafunguliwa mlango nikakuta helmeti zimepangwa ukutani hadi darini, pedi za mabega zimetundikwa kama za askari wa kuzuia ghasia, na makapu ya suruali zilizoganda matope. Nilidhani nimeelekezwa vibaya, nimeingia gereji ya pikipiki. Futiboli ya Kanada, kwa asiyejua, inachezwa kwa mikono, na miguu kazi yake kubwa ni kumkimbilia mwenzio umwangushe. Siku hiyo nilijifunza pia kwamba hayo wanayaita mchezo.

Aliyekuwa mle ndani ni Murray, mtunza vifaa wa timu, mzee mrefu mwembamba mwenye sweta lililotobolewa viwiko. Jina langu Mwanaidi lilimshinda. Alilijaribu mara kadhaa, akalikata mbele, akabaki na Naidi, na hadi leo chuo kizima kinanijua kwa kile kipande alichokiacha yeye. Hakuniuliza cheti wala nilikofanyia kazi. Alinitupia jezi iliyotoka uwanjani siku iliyopita. Tulizungumza Kiingereza, maneno yake nayatia Kiswahili kama nilivyoyasikia.

"Hii inahitaji nini?" akaniuliza.

Nikaigeuza, nikasema inahitaji sabuni, na hapa kwapani uzi umeachia.

"Nusa kwanza," akasema.

Nikamwangalia. Mimi ni mwanamke wa Kitanga, nimelelewa kwenye udi na asumini, halafu mzungu nisiyemjua ananiamrisha ninuse jasho la mtoto wa watu. Nikafikiri kuvaa koti langu niondoke. Lakini nje kulikuwa na barafu, na ndani kulikuwa na birika la chai. Nikanusa.

"Sasa niambie."

"Jasho. Matope. Na damu," nikasema, nikijishangaa mwenyewe, maana damu yenyewe haikuonekana kwenye kitambaa cheusi.

"Damu ni maji ya baridi. Ukiipeleka kwenye ya moto umeipikia humo humo, haitoki tena," akasema Murray, akaniwekea chai.

Hiyo ndiyo kazi, wenzangu. Mengine yote mnaweza kuyasoma kwenye kibandiko cha nyuma ya kola. Nguo ikitoka uwanjani inuseni kabla haijagusa maji. Pedi za helmeti zikinuka kama mkate wa juzi, ukungu umeshaingia na kesho mtu ataota vipele kwenye paji la uso. Glavu zikinuka siki, zimefungiwa kwenye begi zikiwa mbichi, na mwenyewe atakuapia kwamba alizianika. Na ukisikia dawa ya kuchua kwenye nguo ya mtu ambaye hajasema anaumwa popote, jua kuna jambo analificha.

Tulikuwa na mchezaji mmoja wa safu ya ulinzi, jitu la kuziba mlango, mpole, anasema asante hata ukimpa soksi. Wiki moja Murray aliinua soksi yake, akaishusha, akaniita. Nikanusa. Ilikuwa harufu tamu, ya nyama iliyosahaulika kabatini. Murray aliitia ile soksi kwenye mfuko akaipeleka kwa daktari wa timu. Kumbe kijana alichomwa na njumu kwenye unyayo na kidonda kimeoza ndani ya kiatu, na amenyamaza kwa sababu mechi kubwa iko karibu. Alikuja chumbani kwetu akichechemea, akatufokea kwamba tumemharibia msimu, akatuita majina ambayo mimi wakati huo sikuyajua na Murray alikataa kunitafsiria. Akalazwa. Daktari alisema angechelewa kidogo tu wangemkata mguu. Alipotoka hospitali alituletea boksi la donati, akakaa kwenye ngazi yetu akalia. Siku hiyo ndipo nilipoacha kuona aibu kunusa.

Sasa nije kwenye picha.

Pale koridoni, nje ya mlango wetu, ipo picha ya timu ya chuo ya miaka ya mwanzo ya karne iliyopita. Mmeipita mara nyingi mkiwa mmebeba makapu. Vijana wamekunja mikono, nywele zimepasuliwa njia katikati, wamevaa jezi nzito za mistari na suruali zilizoshindiliwa pamba mapajani. Helmeti hakuna, wachache wana vikofia vya ngozi vya kuzuia masikio yasing'oke. Wa mwisho kulia, safu ya nyuma, ambaye masikio yake hayakuingia kwenye kofia yoyote, ni baba yake Murray.

Murray alinisimulia msimu wao kwa vipande, kila kiraka na mechi yake. Mimi natililia goti la suruali, yeye anakaza skrubu za helmeti kwa bisibisi, na timu ile inacheza hapo katikati yetu. Mechi ya kwanza walipigwa vibaya hata gazeti likawashauri warudi kwenye vitabu. Ya pili walisafiri kwa treni hadi mji mwingine, wakakuta uwanja ndiko ng'ombe wanakolishwa siku za kawaida. Wenyeji walikuwa wanajua wapi pa kukwepa, wakawa wanakwepa. Wageni hawakujua, wakakanyaga kila kitu wakaenda moja kwa moja, wakashinda. Murray alicheka hapo kila mara kabla hajamaliza kusimulia, nami nikicheka kwa sababu yeye anacheka. Nahodha alivunjika pua katikati ya mechi, na kwa kuwa hakukuwa na mchezaji wa akiba, alichomoa nyuzi kwenye mkono wa jezi yake mwenyewe, akazibia pua akaendelea. Mkiitazama picha vizuri mtaiona ile pua imeelekea Etobicoke, magharibi, na mwenyewe ameelekea Scarborough, mashariki. Wakaja kushinda na kushinda hadi mechi ya mwisho, iliyochezwa kwenye mvua, wakashinda na hiyo.

"Jezi yake iko wapi?" nilimuuliza siku moja. Mimi ni fundi, nilitaka kuona mishono.

"Baba hakuwa mtu wa kuweka kumbukumbu," akasema Murray. "Aliigeuza nguo ya kazi. Theluji ikianguka anaivaa anatoka kupiga koleo, anarudi imelowa chapachapa, anasimama karibu na jiko, sufu inanuka. Hatukuwahi kufuga mbwa nyumbani kwetu, lakini mama akiingia tu anauliza, 'Nani kamwingiza mbwa jikoni?' Kila mara. Na baba anabweka."

Baba yake alifariki Murray akiwa bado mdogo. Jezi ilikwisha kwa kuvaliwa, mama mtu akaikata matambara ya kufutia sakafu. Nyumba yenyewe iliungua baadaye pamoja na picha zote. Ile ya koridoni ndiyo sura pekee ya baba yake aliyobaki nayo, na sura yenyewe ni ndogo kama punje ya mahindi. Ndiyo maana Murray aliomba kazi chuoni pale, na ndiyo maana hakuwahi kuhama. Hilo hakuniambia, nililiona mwenyewe jinsi alivyokuwa akiifuta ile picha kila Ijumaa kwa kitambaa kile kile laini cha miwani.

Murray alistaafu, nikashika chumba mimi. Akahamia kwenye nyumba ya wazee upande wa mashariki, nami Jumapili nikawa nampelekea mandazi ya iliki, ambayo aliyaita donati zilizosoma. Miaka ikaenda. Kevo akaja, akiwa na makelele mengi na mikono myepesi, akaniita Mathe, ndiyo mama kwa Kinairobi chake, tangu siku ya kwanza. Esperansi akaja, mkimya, mwenye pua kali kuliko ya Murray.

Ndipo chuo kikakumbuka kwamba msimu ule wa kwenye picha unatimiza miaka mia. Wakubwa wakaamua timu icheze mechi moja ya nyumbani imevaa jezi kama zile za zamani. Nilipompelekea Murray habari hiyo aliweka kikombe chini. Sijawahi kumwona mzee akitaka kitu namna ile. Akashika kifundo cha mkono wangu, akasema, "Naidi, nataka kuwaona wakitoka wakiwa wamezivaa. Mara moja tu. Macho yangu yanaondoka. Daktari anasema majira ya baridi yakija nitabaki na vivuli."

Nikamwahidi. Niliahidi kwa mdomo mpana, kama desturi yetu, nikidhani kazi iliyobaki ni kukata na kushona.

Kocha wa wakati huo alikuwa mtu wa kompyuta, mwema, lakini kila kitu kwake kilikuwa picha kwenye skrini. Kwanza alitaka sherehe isogezwe mwaka unaofuata, majukwaa mapya yakiwa tayari. Nikamwambia majukwaa yatasubiri, macho ya Murray hayasubiri. Akakubali mechi ya mwisho ya nyumbani ya msimu uleule. Kisha akanionyesha alichotaka kuagiza: jezi za nailoni kama za kawaida, zimechapishwa michirizi ili zionekane kana kwamba zimefumwa.

"Kutoka jukwaani hakuna atakayeona tofauti," akasema.

"Mimi nitaiona," nikasema. "Na Murray ataiona."

"Naidi, ni mechi moja tu."

"Ndiyo maana," nikasema. "Ukiwa nayo moja tu huivalishi chapa ya uongo."

Nilikuwa nimepandisha mori, nakiri, na sauti yangu ikipanda inapita milango miwili. Kocha akaniambia basi zitafute mwenyewe, zikichelewa tunavaa za kawaida.

Sufu ya uzito ule haipatikani dukani. Nilizunguka hadi nikaambiwa nimtafute Bwana Amirali, Mwismaili wa Mwanza, mwenye karakana ya kufuma masweta ya shule, si mbali na Thorncliffe Park. Nilipomsalimu kwa Kiswahili alizima mashine, akaita chai, akaniuliza Tanga nyumba ya nani. Tulipomaliza kuulizana habari za watu waliokwisha kufa wote, nikamweleza shida yangu.

"Dada yangu, nitakufumia," akasema, akivisugua vidole kana kwamba uzi uko tayari mkononi. "Lakini tia nailoni kidogo ndani. Sufu tupu ikipata mvua, hii itashuka. Itafika magotini."

"Wale wa kwanza walitia nailoni?"

"Nailoni ilikuwa haijazaliwa."

"Basi, kaka, nifumie kama walivyofumiwa wao."

Akanitazama juu ya miwani. "Usije kuniambia sikukuambia."

"Sitakuambia," nikasema, na kweli sikumwambia.

Tulizishona wiki za mwisho za msimu, Esperansi, Kevo na mimi, Jumapili pia, hata kwa Murray nikaacha kwenda. Amirali alifuma vipande, sisi tukaunga. Sufu ya vile haipendi haraka ya cherehani, shingo na mabega tulishona kwa mkono, na tulizipanua kifuani zipite juu ya pedi za kisasa, kwa maana chama cha mchezo hakikukubali watu watoke na pamba mapajani. Vidole vya Kevo vilitobolewa hadi akaanza kuvaa kastabini mbili. "Mathe, hawa mababu walikuwa wanavaa blanketi wanakimbia nalo?" akauliza. Zilipokuwa zimelazwa mezani, rangi ya damu ya mzee na mistari ya maziwa, nilizipenda kuliko gauni lolote la harusi nililowahi kushona. Nililala nikiziwaza. Nilikuwa nimemwona Murray kichwani mwangu akiwa jukwaani, ameshika miwani yake kwa mikono miwili, anaona.

Siku ya mechi Esperansi na mimi tulimfuata kwa gari. Alikuwa ametinga suti, tai imefungwa vizuri, amekaa kwenye kiti cha magurudumu anatungoja. Nikamnyoshea mkono kumsalimia. Hakuupokea. Mkono wangu ulibaki hewani mbele ya uso wake, naye anatabasamu pembeni yangu kidogo, pale sauti yangu ilikotokea. Esperansi akanivuta kando.

"Mama, ule muzee haone kitu," akaninong'oneza. "Nilipitisha mukono mbele ya macho yake, hakupepesa."

Nikarudi nikachuchumaa mbele yake. "Murray. Tangu lini?"

"Wiki mbili," akasema. "Yaliharakisha. Usimwambie kocha, atasikitika, na wewe umeshashona. Nipelekeni. Utanisimulia."

Sijui nilifikaje uwanjani. Esperansi aliendesha, mimi nilitazama nje ya dirisha ili Murray asinisikie nikilia, kwa sababu macho yalikuwa yameisha lakini masikio alikuwa nayo ya baba yake. Nilikasirika, si utani. Nilimkasirikia daktari, nikamkasirikia Mungu kidogo, nikaikasirikia hata sufu. Ningekuwa nimekubali zile za nailoni, zingekuwa tayari mwanzoni mwa msimu, ningempelekea moja akaiona.

Tulimweka mdomoni mwa njia inayotoka vyumbani kwenda uwanjani, nimemfunika blanketi. Timu ikatoka. Watu wakasimama wakapiga makofi, na kweli zilipendeza, mabega mapana ya rangi ile nzito chini ya mawingu. Nikawa namsimulia: sasa wanapanga mstari, sasa nahodha anainua mkono. Maneno yalikuwa makavu mdomoni mwangu. Murray alitikisa kichwa kwa adabu, vile mtu anavyotikisa anapopewa zawadi isiyomfaa.

Kisha mvua ikanyesha. Haikuwa manyunyu, ilimwagika ya Novemba, ya baridi, ya kuinama nayo. Na yote aliyoyasema Bwana Amirali yakatimia mbele ya watu. Jezi zilianza kushuka. Mikono ikameza viganja, chini zikapita kiuno, zikapita mapaja. Mchezaji mmoja alikanyaga jezi yake mwenyewe akaanguka bila kuguswa na mtu, na jukwaa likacheka. Kevo akaja mbio kutoka ukingoni mwa uwanja, maji yanamtiririka kofiani.

"Mathe, hii imeenda," akasema. "Hizi si jezi tena, ni nguo za kulala. Kocha amewaka, anasema mapumzikoni wote wavue."

"Mwambie ziko tayari zile za kawaida," nikasema. Nilikuwa nimeshindwa, na nilijua nimeshindwa. Nikakisukuma kiti cha Murray ndani ya chumba cha kubadilishia nguo asinyeshewe, nikamweka karibu na bomba la joto, nikaanza kupanga jezi za nailoni kwenye viti, moja moja.

Filimbi ya mapumziko ikalia. Mlango ukafunguliwa, wakaingia wote kwa pamoja, wazito, wanavuja maji, wanahema. Chumba ni kidogo, na bomba la joto lilikuwa linachemka. Hapo hapo harufu ikapanda. Mnaijua sufu iliyolowa inaponusa moto. Ilijaa hadi darini, nzito, ya mnyama. Kocha alikuwa ameshafungua mdomo kuwaamrisha wavue.

Murray aliinua uso. Matundu ya pua yake yakafunguka. Mikono ikaachia blanketi.

"Nani kamwingiza mbwa jikoni?" akauliza.

Aliuliza kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, ya mwanamke, kali, inayoficha kicheko. Vijana walitazamana, mmoja akaangalia chini akitafuta huyo mbwa. Kocha aliniangalia kwa huruma, nikajua anafikiri mzee amepotewa na akili. Nikakaa kwenye lundo la jezi za nailoni lililobaki.

Na Murray akabweka. Mara moja, kwa sauti nene. Halafu akaanza kucheka, akalia, akacheka, machozi yakamshuka kwenye tai. Nikawaeleza wote hapo, kwa Kiingereza changu kilichovunjika kabisa siku hiyo, baba ni nani, jiko ni lipi, mbwa ni yupi. Nahodha, kijana mkubwa mwenye tope hadi kwenye nyusi, akaja akapiga magoti mbele ya kiti. Aliuweka mkono wake wa jezi, ule uliokuwa umevutika hadi kupita vidole, kwenye mikono ya Murray. Murray akaukamua, maji yakamwagika kwenye suruali yake ya suti, akaupeleka usoni akauacha hapo.

Tulingoja wote.

"Fundo," akasema hatimaye, bado amefunikwa na sufu. "Zikivutika wanafunga fundo ubavuni. Baba alisema mechi ya mwisho wote walifunga fundo."

Kocha alitazama jezi kavu nilizokalia. Akaniangalia mimi. "Naidi," akasema, "wafunge fundo." Tukazunguka, Kevo, Esperansi na mimi, tukimfunga kila mtu fundo kubwa ubavuni, vile unavyofunga kanga ukitaka kudeki, wakarudi mvuani. Tulipigwa. Tulipigwa hata sina haja ya kuandika kwa ngapi, na sijawahi kuona timu iliyopigwa ikitembea vile.

Kwenye gari Murray alifumba macho safari nzima. Nilidhani amelala. Tulipokaribia kufika akasema, "Naidi."

"Nipo."

"Baba alikuwa na jino la mbele limekatika. Hapa." Akaonyesha kwenye mdomo wake mwenyewe. "Anapobweka lilikuwa linaonekana. Nilikuwa nimelisahau. Miaka yote hii nilikuwa naye kwenye picha amefunga mdomo."

Esperansi, ambaye Kiingereza chake wakati huo kilikuwa cha kubahatisha, alielewa kila neno, akawasha vipangusa vya kioo ingawa mvua ilikuwa imekatika.

Murray hakuvuka majira ya baridi yale. Jezi ya nahodha alipewa yeye, na nyumba ya wazee waliirudisha kwetu na nguo zake nyingine. Ipo kwenye rafu ya juu, nyuma ya helmeti za akiba, imelazwa chali kwenye taulo. Sufu haitundikwi, hilo mnalijua. Haijafuliwa na haitafuliwa. Ina tope la uwanja ule, ina fundo lake, na tangu siku hiyo mechi ya mwisho ya kila msimu mmoja wetu huishusha, huinyunyizia maji ya bomba, huiweka karibu na bomba la joto wachezaji wakiwa wanavaa. Hatuwaambii kitu. Wapya hukunja pua, wakongwe hungoja.

Mwaka huu niliishusha mimi, kwa mara yangu ya mwisho. Nikainyunyizia, nikakaa kwenye kigoda mgongo wangu umeelekea mlangoni ili watoto wa watu wasinione ninavyofanana. Harufu ikapanda taratibu. Kevo aliingia na kapu la soksi, akasimama. Nikamsikia akivuta pumzi.

"Mathe," akasema polepole, "nani ameingiza mbwa jikoni?"

Nikabweka.